Si kila kifafa kinachorudi ni kifafa sugu

Kifafa sugu ni kile ambacho mgonjwa ameshatumia dawa mbili, kila moja ikiwa inafaa aina ya kifafa chake, akaimeza kwa kipimo cha kutosha, mwili ukaivumilia, na bado kinamshika. Dawa hizo zinaweza kuwa zilifuatana au zilitolewa pamoja. Ndivyo walivyokubaliana ILAE, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa, mwaka 2010.

Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachoniudhi ni jinsi jina hili linavyogawiwa ovyo. Mtoto anaanzishiwa fenobabitoni kituo cha afya, mwezi wa pili anaanguka tena, na mama yake anaambiwa: "Mama, cha huyu ni sugu." Redioni nako, mtu akipiga simu kusema mwanawe ana kifafa cha miaka sita, mtangazaji anadakia "kifafa sugu", kana kwamba miaka ndiyo inayokifanya kiwe sugu. Miaka haihesabiwi hapa. Kifafa kinaweza kukaa miaka sita kwa sababu hakuna aliyekitibu sawasawa, na kingine kikaonekana kuwa sugu kabla mwaka wa pili haujaisha.

Tazama maneno "kipimo cha kutosha". Dawa ya mtoto hupigiwa hesabu kwa uzito wake. Aliyeanza akiwa na kilo 14 na sasa ana kilo 26, huku akimeza vidonge vilevile, si kwamba dawa imeshindwa. Amekua, dawa ikabaki pale pale. Kuna na wale ambao dawa iliisha kituoni wiki tatu, bibi akagawa vidonge nusunusu ili visogee mpaka siku ya kliniki. Bibi simlaumu hata kidogo. Ila kuanguka kwa mtoto katika wiki hizo hakuwezi kuandikwa kama kushindwa kwa dawa, na fenobabitoni hasa, ikikatwa ghafla, yenyewe huweza kuleta kifafa kikali kuliko cha mwanzo.

Halafu kuna "inafaa aina ya kifafa chake", na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kabamazepini ni dawa nzuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Mpe mtoto ambaye kifafa chake ni cha kuduwaa sekunde chache darasani, au cha kurushwarushwa mikono asubuhi, na unaweza kumwongezea. Kipimo kikipandishwa hali inazidi, na faili linaandikwa sugu. Wengine hawana kifafa kabisa: mtoto wa miaka miwili anayelia mpaka anabana pumzi na kuzimia, au yule anayepata degedege akiwa na homa tu. Dawa ya kifafa haiwezi kutibu kitu ambacho si kifafa, hata zikiwa tano.

Kosa lingine limeazimwa kutoka magonjwa ya vijidudu. Tumeambiwa sana, na ni kweli, kwamba ukizitumia hovyo dawa za bakteria, vijidudu hujenga usugu. Basi mzazi akisikia kifafa ni sugu anaona dawa "imezoeleka", na anampumzisha mtoto ili ikirudi iwe na nguvu. Kwenye kifafa hakuna kijidudu kinachozoea kidonge. Chanzo kinaweza kuwa kovu, au sehemu ya ubongo iliyojengeka vibaya tangu tumboni, au jeraha lililoachwa na malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kumpumzisha mtoto dawa ni kumtafutia kifafa kisichokoma, na kikipita dakika tano hiyo ni safari ya hospitali, usiku au mchana.

Mbona dawa mbili, si nne? Mwaka 2000 madaktari wa Glasgow, Scotland, walichapisha matokeo ya wagonjwa 470 ambao hawakuwa wametibiwa kabla. Asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza. Dawa ya pili na ya tatu ziliongeza asilimia 14 tu. Ndiyo kusema, mbili zikishashindwa kwa haki, ya tatu inaweza kusaidia, lakini si busara kuweka matumaini yote hapo.

Nawageukia sasa waliolipata jina hili kihalali, kwa maana kundi hili nalo linadhulumiwa, tena kwa upande wa pili. Mtoto aliyekuwa anaanguka mara kumi kwa wiki sasa anaanguka mara mbili. Kliniki inaandika "anaendelea vizuri" na kumrudisha nyumbani na dawa ya nne. Kwa maana ya ILAE hajaendelea vizuri. Kinachohesabiwa ni kutoshikwa kabisa kwa miezi 12, au kwa muda mara tatu ya nafasi ndefu kuliko zote aliyokuwa akikaa bila kushikwa kabla ya tiba, ikiwa huo ndio mrefu zaidi. Aliyekuwa anashikwa kila miezi sita, basi, anasubiriwa miezi 18 kabla ya kupiga makofi. Ubongo unaokua haungoji foleni: kila mwaka wa kuanguka unapunguza masomo, lugha na usalama wa mtoto karibu na jiko la kuni.

Maana hii iliandikwa ili mtoto asogezwe mbele: kipimo cha mawimbi ya ubongo, ikiwezekana cha muda mrefu chenye video, picha ya ubongo ya MRI, na watu wanaojua kuzisoma picha hizo kwa jicho la kifafa. Wakiona kinaanzia mahali pamoja panapoweza kuondolewa bila kuharibu usemi au mkono, upasuaji unazungumzwa. Huku kwetu watu hudhani hilo ni jambo la Ulaya. Hospitali ya watoto ya CURE iliyopo Mbale, Uganda, inajulikana zaidi kwa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, lakini upasuaji wa kifafa kinachoanzia ubongo wa upande wa panja umeshafanyika humo humo.

Kuhusu watoto tuna utafiti wa Delhi, India, uliotoka mwaka 2017. Watoto 116 wenye kifafa sugu waligawanywa kwa kura: 57 wakapasuliwa, 59 wakaendelea na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 77 ya waliopasuliwa hawakuwa wakishikwa tena. Kwa dawa peke yake ni asilimia 7. Gharama yake pia isemwe: 19 kati ya waliopasuliwa walipata madhara makubwa, na 15 kati yao walidhoofika upande mmoja wa mwili. Mengi ya haya hutokana na aina ya upasuaji wenyewe, na mzazi anapaswa kuyasikia kabla ya kutia sahihi.

Si kila kifafa sugu kinapasuliwa. Watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini mwa Uganda, wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa hawana sehemu moja ya kukata. Wao hutegemea dawa, hasa valproeti, na matunzo ya karibu. Kuna na mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo mno, ambao huwasaidia baadhi ya watoto, japo mtu aliyelelewa kwa matoke, posho na muhogo ataona kazi iliyopo, na haufuatwi bila daktari na mtaalamu wa lishe. Tena wapo ambao hesabu ya dawa mbili haifai kuwachelewesha: mtoto mchanga anayejikunja ghafla kwa mafungu, mara nyingi akitoka usingizini, anahitaji mtaalamu sasa hivi. Wengi wao hudhaniwa wana msokoto wa tumbo.

Kwa hiyo ukimsikia mtu, hata akiwa musawo, yaani mhudumu wa afya, akisema cha mtoto fulani ni kifafa sugu, muulize polepole: amemeza dawa zipi, kwa kilo ngapi, na zilikatika lini? Akitaja moja tu, au ya pili haijapandishwa kufika kipimo, mwambie kwa heshima kwamba hicho ni kifafa ambacho bado hakijadhibitiwa, na kliniki ileile ina kazi ya kufanya. Akitaja mbili zilizotimia, neno lake ni sahihi, na barua ya rufaa ndiyo inayofuata.