Je, Uovu Hujidhihirisha Wenyewe, au Ni Jamii Inayouamua?

Mkata mikoko katika visiwa vya Lamu anaweza kuwa mfanyabiashara halali au mhalifu, ilhali mti ni ule ule na shoka ni lile lile. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko Lamu na kuzipeleka Uarabuni, kwenye uhaba wa miti ya kujengea, na kazi hiyo ilikuwa ya heshima. Hata katika nyumba kongwe za mawe za mji huo, vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti zilizobeba dari. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na safari ambayo nahodha aliirithi kwa babu yake ikawa kosa. Madhara ya kumaliza mikoko ni ya kweli, kwa kuwa samaki huzaliana humo na pwani hukingwa nayo, lakini mpaka kati ya ukataji wa halali na wa haramu haukuota pamoja na mti. Ulichorwa na watu.

Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alishikilia, katika kitabu cha mwaka 1893, kwamba tendo huwa jinai kwa sababu jamii inalilaani, wala si kwamba jamii hulilaani kwa kuwa ni jinai. Ushahidi wa kumuunga mkono upo. Zinaa, kwa watu wa Lamu, ni dhambi kubwa na fedheha kwa ukoo, lakini si jinai katika sheria ya Kenya. Na Kadhi, ambaye Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinamwachia mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu, hana mamlaka ya kumhukumu mzinifu kifungo.

Hata hivyo, jinai na uovu si kitu kimoja. Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili suala hili zamani sana: Muutazila, kundi la wanatheolojia waliotegemea sana akili, walisema akili ya binadamu hutambua wema na ubaya hata kabla ya kufikiwa na wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, na wapinzani wao, Maashari, wakajibu kwamba jema ni lile aliloliamuru Mungu na baya ni lile alilolikataza. Pamoja na kutofautiana huko, hakuna upande uliokubali kwamba jamii ndiyo inayoamua.

Mfano mzito zaidi uko Malindi. Katika karne ya 19 mashamba ya mtama na ufuta ya huko yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa watu wa kuswali, wa kutoa sadaka, wanaoaminika mjini. Kumiliki mtu hakukuwa kosa. Kutoroka ndiko kulikuwa kosa. Watoro walikimbilia bara, wakajenga vijiji vyao, Fuladoyo kikiwa kimojawapo, wakaishi wakihofia kushambuliwa na kurudishwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, fidia ilitengewa bwana aliyepoteza mtumwa, si mtumwa aliyepotezewa umri wake.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo hoja ya kwamba maadili yote ni makubaliano ya jamii inapokwama, kwa sababu anayeitoa husahau kuuliza ni nani waliokubaliana. Karibu kila jamii hulaani kumuua asiye na hatia na kumdhulumu mwenzako. Kinachobadilika mara nyingi ni orodha ya wanaohesabiwa kuwa wenzako. Mwenye shamba hakuuona uovu wa utumwa kwa kuwa sheria, desturi na faida yake vilimfichia. Mtoro aliyeingia msituni usiku, akijua atakachofanywa akikamatwa, hakungoja sheria ya 1907 imweleze kwamba alikuwa amedhulumiwa.