Mchuzi wa Paketi: Uonje Kwanza, Ndipo Uukoleze

Mtu aliyelelewa Tanga, Mombasa au Unguja, kisha akahamia London au Leicester, hachelewi kukutana na rafu ya supamaketi inayomtega. Rafu hiyo ya baridi imejaa michuzi iliyokwisha kupikwa, kama vile korma, tikka masala, madras na jalfrezi, na kazi iliyobaki ni kuipasha moto tu. Rangi zake zinavutia na bei yake ni ndogo kuliko ya mkahawani, lakini akifika nyumbani na kuonja hulalamika kwamba sukari imezidi, chumvi imezidi na harufu ya viungo haipo. Sisi tunaotoa elimu ya lishe kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Uingereza huulizwa mara nyingi kama mchuzi wa namna hiyo unaweza kutengenezwa ukalika. Unaweza, ilimradi mpishi ajue kiwanda kimeondoa nini na kimeongeza nini, kwa sababu wengi wetu tunaongeza kile ambacho tayari kimejaa.

Michuzi hiyo haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Laxmishanker Pathak, ambaye jina lake liko kwenye chupa za viungo za Patak's baada ya kuondolewa herufi ya h, alihamia Uingereza akitokea Kenya mwaka 1956, akaanza kwa kuuza sambusa na vitamu vya Kihindi. Mwaka 1972, Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin walifika kwa maelfu, wengi wakaishi Leicester, na jiko lao lilikuwa limekwisha kuzoeana na ndimu, nazi na muhogo wa kwetu. Kwa hiyo, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Robin Cook, alipoitaja tikka masala ya kuku mwaka 2001 kuwa chakula halisi cha taifa la Uingereza, alikuwa anazungumzia jiko ambalo Afrika Mashariki nayo ina mkono wake.

Harufu hupotea kwa sababu inayoeleweka. Mafuta ya asili yaliyomo katika iliki, uzile, karafuu na giligilani ndiyo yanayobeba harufu, nayo ni mepesi kuruka na mvuke. Mchuzi wa rafu ya baridi hupikwa, hupashwa moto wa kuua vijidudu, hupozwa haraka, kisha hukaa siku kadhaa kabla ya kuliwa. Ule wa paketi laini au kopo, usiohitaji friji, hupata adhabu kubwa zaidi, kwani baada ya kufungwa hupikwa tena ndani ya mtambo wa mvuke wenye joto la kiasi cha nyuzi 121 za Selsiasi. Joto hilo ni la lazima, maana ndilo linaloua mbegu za bakteria wa sumu ya botulini, lakini linaondoka na harufu, linalainisha mboga kupita kiasi na kumfanya kuku awe nyuzinyuzi. Ili mlaji asilalamike, kiwanda hujazia pengo kwa vitu vinavyostahimili joto, yaani chumvi, sukari, krimu na wanga wa kuleta uzito.

Kabla ya kutia chochote, onja. Mchuzi ukiwa baridi ulimi hauusomi vizuri, kwa hiyo pasha vijiko viwili mpaka vichemke, viache vipoe kidogo, kisha uvile pamoja na wali mweupe usiotiwa chumvi. Ukiuonja mtupu utaona umekolea mno, ukiuonja na wali utapata picha ya sahani yenyewe. Jiulize kama kinachokosekana ni harufu, uchachu au ukali, au kama hakuna kinachokosekana isipokuwa kimojawapo kimezidi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kuishi huku, niliwahi kumwagia unga wa mchuzi wa paketi katika korma kwa mazoea ya mkono tu. Unga ule una chumvi nyingi, na chakula kile hakikulika.

Harufu hurudishwa kwa mafuta ya moto, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine pote. Weka kijiko kimoja cha chakula cha mafuta katika kikaango kidogo, yapate moto bila kutoa moshi, kisha tia nusu kijiko cha chai cha uzile mzima na punje chache za haradali. Haradali itaanza kurukaruka na kulia, uzile utageuka rangi kuwa wa kahawia. Hapo tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, geuza kwa mwiko nusu dakika, na ukiwa na majani ya mchuzi yatie pia huku umesogeza uso, kwa sababu maji yaliyomo hurusha mafuta. Mimina vyote juu ya mchuzi uliokwisha kuchemka, ufunike kwa dakika moja. Viungo vya unga navyo vinahitaji mafuta, kwa kuwa sehemu kubwa ya harufu yake huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, lakini vinaungua upesi, na vikiungua huwa vichungu pasipo dawa. Bizari mbichi iliyonyunyizwa juu ya mchuzi wa maji huacha ladha ya vumbi. Kotmiri iliyokatwa ni ya mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Chumvi inahitaji hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na ushauri wa Uingereza ni usiozidi gramu 6. Tuseme paketi ina gramu 400 za mchuzi wenye gramu 0.7 za chumvi katika kila gramu 100. Paketi nzima ina gramu 2.8, yaani zaidi ya nusu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kabla hujagusa mkate wa naan au achari. Sasa angalia zile rangi za mfano wa taa za barabarani zilizoko mbele ya paketi, zinazoonyesha kama chumvi ni kidogo, ya wastani au nyingi. Mtengenezaji akihesabu paketi kuwa ya watu wawili, kila mmoja anapata gramu 1.4 na rangi inakuwa ya njano. Akiihesabu kuwa ya mtu mmoja, gramu 2.8 zinavuka mpaka wa gramu 1.8 kwa mlo na rangi inakuwa nyekundu. Chakula ni kilekile. Kwa hiyo soma kwanza lebo inasema paketi ni ya watu wangapi, kisha utazame rangi.

Chumvi iliyokwisha kuingia haitolewi, inagawanywa tu. Ongeza gramu 200 za dengu nzima, zile ambazo Wahindi huziita chana, zilizochemshwa bila chumvi, au mchicha, au koliflawa, na mchuzi wa mtu mmoja utawatosha wawili kwa haki. Wengi tulifundishwa na mama zetu kutumbukiza kiazi ili kinyonye chumvi. Kiazi hunyonya maji ya mchuzi pamoja na chumvi yake, lakini kile kinachobaki sufuriani hakipungui makali. Kiazi kinasaidia pale tu kinapoliwa kama sehemu ya chakula, kama zinavyosaidia dengu.

Utamu uliozidi unatulizwa na uchachu. Maji ya nusu ndimu au kijiko cha ukwaju uliolowekwa huiamsha tikka masala kwa namna ambayo pilipili haiwezi, na mara nyingi mlaji anayedhani mchuzi haujakolea chumvi huridhika kwa ndimu peke yake. Tia ndimu baada ya kuepua. Mchuzi ukiwa mkali mno, mtindi unafaa kuliko maji, kwa sababu protini ya maziwa hushika ule ukali wa pilipili ambao maji hayauyeyushi. Upige kwanza, uutie sufuria ikiwa nje ya moto, la sivyo utakatika. Tui zito ni tamu, nami silikatazi, ila korma nyingi zimeshajaa krimu na nazi, na kuziongezea tui ni kurundika mafuta yanayoganda juu ya mengine.

Kupasha moto, sufuria ni bora kuliko mikrowevu, kwa sababu mikrowevu huacha mabaka ya baridi katikati ya chakula. Ukiitumia, koroga katikati ya muda na uache chakula kitulie dakika moja au mbili. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Uingereza inataka katikati ya chakula pafikie nyuzi 70 kwa dakika 2. Ikiwa unataka mchuzi upungue maji na kuwa mzito, toa kwanza vipande vya kuku, chemsha rojo peke yake, kisha uvirudishe vipate moto kamili; kuku wa kidari aliyeshaiva kiwandani akichemka robo saa zaidi hukauka kama uzi.

Wali uangaliwe kuliko mchuzi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa jikoni usiku kucha bakteria hao huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Uliobaki utandazwe upoe, uingie katika friji ndani ya saa moja, uliwe kabla ya siku moja kwisha.

Mchuzi uliopashwa usipashwe mara ya pili. Anayeishi peke yake na aigawe paketi ingali baridi, nusu iende sufuriani na nusu irudi katika chombo chenye mfuniko, ndani ya friji isiyozidi nyuzi 5, iliwe ndani ya siku 2 na isivuke tarehe ya mwisho ya kutumika iliyochapishwa kwenye paketi. Viungo vya kukaanga vifanywe upya siku hiyo ya pili, kwa kuwa harufu ya jana nayo itakuwa imekwisha kuruka.