Je, wajua kwa nini perege wa Ziwa Rutamba hukatwa kipande cha pezi?

Mtafiti wa samaki akifika Rutamba, mkoani Lindi, hawazi kitoweo. Anamtoa perege mmoja mmoja kwenye ndoo, anampiga picha ubavuni, anampima urefu, anahesabu miiba ya pezi la mgongoni. Kisha anashika mkasi na kukata kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, anakitia kwenye kichupa cha spiriti na kukiandika namba ya samaki yule yule. Namba zikichanganyika, kazi ya kutwa nzima imekwenda na maji.

Kwani macho hayatoshi? Sato, ambaye amesambazwa kila mahali kwa ajili ya ufugaji, anajulikana kwa mistari iliyosimama mkiani. Tatizo ni kwamba sato na perege wa asili huzaliana, na watoto wao nao huzaa. Vizazi vikipita, unaweza kuvua samaki mwenye sura ya kienyeji kabisa, kumbe babu yake alikuwa sato. Wa kumuumbua ni vinasaba, navyo vimo ndani ya kile kipande cha pezi.

Kati ya 2013 na 2016, katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, alipatikana perege ambaye kitaalamu anaitwa Oreochromis korogwe. Jina lenyewe linakupeleka Tanga, na kweli huko yuko, Mto Zigi na Bwawa la Mlingano. Lakini toka Tanga hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 500, na hakuna mto unaounganisha pande hizo. Mtu wa kwanza kusikia habari hii atasema bila shaka kuna aliyewabeba kwenye ndoo. Vinasaba vilikataa: utafiti uliochapishwa 2021 unakadiria kuwa wa kusini na wa kaskazini waliachana miaka 140,000 hivi iliyopita, wakati hakuna binadamu aliyewahi kufuga samaki. Hawa ni wana Lindi wa siku nyingi, ila tu wanatembea na jina la Korogwe.

Vichupa hivyo hivyo vilileta na habari chungu. Machotara wa sato walikutwa tayari katika maziwa matatu ya huko kusini. Mchanganyiko wenyewe haukuenea sawasawa: sehemu fulani za vinasaba zimevurugika sana, nyingine hazijaguswa sana, na ni hizo za mwisho zilizotumika kukadiria ile miaka 140,000.