Risasi kwenye damu ya mtoto: namba hushuka, darasani bado kuna kazi

Mzazi akipewa majibu ya kipimo cha risasi, ile metali yenye sumu (lead), swali la kwanza huwa ni lini namba itashuka. Itashuka. Chanzo kikiondolewa, risasi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, ingawa ile iliyokwisha kuingia mifupani hukaa miaka na miaka ikirudi kwenye damu kidogo kidogo. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita anayepimwa leo na kukutwa na 3 huenda alifika 18 alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, na hakuna aliyejua. Kipimo cha damu husimulia wiki chache zilizopita. Ya utotoni hakiyasemi.

Namba yenyewe ni mikrogramu za risasi katika desilita moja ya damu. Tuipigie hesabu. Mtoto wa kilo 12 ana damu kama desilita 9, hivyo akiwa na kiwango cha 5, damu yake yote imebeba mikrogramu 45 tu. Sasa chukua gamba la rangi kuukuu lililobanduka ukutani, la gramu 0.1, linalokaa juu ya ukucha. Kama rangi hiyo ina risasi asilimia 1, gamba hilo lina mikrogramu 1,000. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama kiwango cha rejea cha risasi itokayo kwenye chakula cha mtoto. Gamba moja lina zaidi ya mgawo wa mwaka mzima. Na mtoto mdogo anaweza kufyonza hadi nusu ya risasi anayomeza, wakati mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi, kwa sababu risasi hupita mlango uleule wa chuma kwenye utumbo.

Watu hubishana sana kuhusu mpaka. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitumia 10 tangu 1991, kikashusha hadi 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021. Hiyo 3.5 ni alama ya kumtambua mtoto aliyezidi wenzake wengi. Haina maana kwamba aliye na 3 yuko salama, maana kiwango salama hakijulikani. Tena madhara ya mwanzo ndiyo makali: uchambuzi uliounganisha tafiti kadhaa, uliotoka 2005, ulikuta kupanda kutoka 2.4 hadi 10 kukiambatana na kupungua kwa alama 3.9 za IQ, yaani kipimo cha akili. Kutoka 10 hadi 20 ilikuwa 1.9, na kutoka 20 hadi 30 ilikuwa 1.1. Kumwambia mzazi «ni kidogo tu, usijali» ni kuisoma chati kichwa chini.

Ndani ya ubongo risasi hujifanya kalisiamu. Hupita kwenye njia zake, huvuruga utoaji wa ujumbe kati ya seli za neva, na huzuia vipokezi ambavyo ubongo hutumia kujifunzia na kutunza kumbukumbu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika breki za tabia, huathirika pia. Darasani unamwona hivi: mwalimu anasema «fungeni madaftari, wekeni penseli, njooni mbele». Mtoto anafunga daftari, kisha anabaki amekaa. Haonyeshi ukaidi, maagizo mawili ya mwisho yamemponyoka. Huropoka jibu kabla swali halijaisha, hukasirika haraka, huanza kazi na kuiacha. Dalili hizi zina sababu nyingine nyingi, kwa hiyo kwa kumtazama tu huwezi kusema ni risasi. Ndiyo maana tunapima.

Kutoboa kidole ni rahisi lakini hudanganya: risasi iliyo kwenye ngozi huingia kwenye tone la damu na kupandisha namba. Osha mkono wa mtoto kwa sabuni na maji, ukaushe, usiuache uguse kitu tena, futa tone la kwanza. Majibu yakifika 3.5 au zaidi, rudia kwa damu ya mshipa: ndani ya miezi mitatu kama ni chini ya 10, mwezi mmoja kama ni 10 hadi 19, wiki mbili kama ni 20 hadi 44, na saa 48 kama ni 45 au zaidi.

Nyumbani adui mkubwa ni vumbi, hasa kwenye mfereji wa fremu ya dirisha, ambako rangi husagika kila linapofunguliwa. Ufagio mkavu hulirusha tu. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia. Pangusa kuanzia dirishani ukishuka sakafuni, badilisha kitambaa kikichafuka. Usipige msasa mkavu wala kuchoma rangi ya zamani. Maji ya bomba yenye risasi hayasafishwi kwa kuchemsha. Kadiri yanavyopungua sufuriani ndivyo risasi inavyokolea. Kagua pia wanja, viungo vya unga vilivyotiwa rangi, vyombo vya udongo vilivyong'arishwa, na nguo za kazi za anayeshughulika na betri.

Dawa za kuvuta risasi huwekewa viwango vya 45 na kuendelea. Jaribio lililochapishwa 2001, la watoto 780 waliokuwa na 20 hadi 44, lilionyesha dawa ikishusha namba bila kuinua uwezo wa kufikiri. Na mtoto hatakiwi kumalizia dozi kwenye nyumba ileile yenye chanzo.

Kwa hiyo faili lisifungwe namba inaposhuka. Matatizo mengi hujitokeza shule inapozidisha madai: anapoanza darasa la kwanza, kisha kama la nne, anapotakiwa kusoma ili ajifunze mengine. Omba tathmini nyakati hizo hata kama bado hajafeli. Maagizo yatolewe moja moja, kazi ikatwe vipande vifupi, akae mbali na mlango. Na kwenye faili la shule, iandikwe namba ya juu kabisa iliyowahi kupimwa pamoja na umri wake siku hiyo, kando ya ile ya karibuni.