Je, wajua ni nani hasa aliyeimba nyimbo za familia ya Partridge?

Kati ya Septemba 1970 na Machi 1974 kituo cha televisheni cha ABC nchini Marekani kilirusha The Partridge Family, tamthilia ya vichekesho yenye vipindi 96. Ilimhusu mama mjane na watoto wake watano ambao wanaanza kurekodi muziki wa pop katika gereji ya nyumba yao, kisha wanazunguka nchi kwa basi kuukuu la shule lililopakwa rangi za miraba kwa kuiga michoro ya Mholanzi Piet Mondrian. Bendi hiyo haikuwahi kuwepo popote nje ya studio. Hata hivyo wimbo wake wa kwanza, I Think I Love You, uliotungwa na Tony Romeo, ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya Marekani mwishoni mwa mwaka 1970 na kukaa hapo wiki tatu.

Swali lenyewe ni jepesi: watu sita tunaowaona wakiimba na kupiga vyombo, je, sauti tunazozisikia ni zao? Jibu nililokuwa nalo, na ambalo nililitoa mbele za watu bila kusitasita, lilikuwa kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeimba. Ushahidi wangu ulikuwa macho yangu mwenyewe. Nilitazama vipande vya tamthilia hiyo kwa makini ya mtu anayetafuta kosa, nikaona midomo ya David Cassidy, aliyeigiza kama Keith, mtoto mkubwa, ikipishana kidogo na maneno ya wimbo. Nikahitimisha kwamba kijana yule mwenye sura nzuri alikuwa amewekwa mbele ya sauti ya mtu mwingine, na hitimisho hilo likanifurahisha zaidi ya ilivyostahili.

Nilikuwa nimekosea. Kati ya wale sita, wawili waliimba katika rekodi: Shirley Jones, aliyeigiza kama mama, na Cassidy mwenyewe, ambaye ndiye anayeongoza karibu nyimbo zote zinazojulikana. Wanne waliobaki, yaani Susan Dey, Danny Bonaduce na watoto wawili wadogo kuliko wote, hawakuimba wala kupiga chombo chochote katika rekodi. Kwa hiyo theluthi moja ya familia ilikuwa inaimba kweli, na midomo yao ilikuwa ikipishana na sauti sawa na ya wale ambao hawakuimba kabisa. Hapo ndipo ilinibidi nijiulize midomo ile ilikuwa inathibitisha nini hasa.

Haikuthibitisha chochote kuhusu mwenye sauti, na sababu iko katika namna tamthilia ilivyopigwa. The Partridge Family ilipigwa kwa filamu na kwa kamera moja, kama sinema, wala haikupigwa kwa kamera kadhaa mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Vicheko tunavyovisikia viliongezwa baadaye. Kamera moja haiwezi kuwa mahali pawili. Mwongozaji akitaka kuonyesha bendi nzima, kisha uso wa mwimbaji, kisha mikono ya mpiga kinanda, kisha msichana mdogo akitikisa tari, bendi hulazimika kuurudia wimbo uleule mara kadhaa huku kamera ikihamishwa na taa zikipangwa upya. Baadaye mhariri huchukua kipande kutoka kila marudio na kuviunganisha viwe wimbo mmoja wa dakika mbili au tatu usio na mshono unaoonekana.

Sasa mfikirie mtu anayetoka nyumbani kwenda sokoni kwa njia ileile siku nne mfululizo. Umbali haubadiliki, lakini idadi ya hatua zake haitakuwa sawa hata siku mbili, kwa kuwa leo amechoka, kesho ana haraka, keshokutwa amesimama kumwamkia jirani. Mwimbaji naye ndivyo alivyo. Ubeti alioukokota kidogo asubuhi ataukimbiza mchana, na tofauti ya nusu sekunde ambayo sikio la kawaida halingeijali humharibia mhariri kazi yote, kwa sababu uso uliopigwa mara ya pili hauwezi kukaa juu ya sauti iliyopigwa mara ya nne. Mhariri huyo ni kama fundi cherehani aliyeletewa mwili wa shati uliokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja na mikono iliyokatwa kwa vipimo vya mwingine, akaambiwa ashone na isionekane.

Dawa ya tatizo hilo ni kukata vipande vyote kwa kufuata karatasi moja ya vipimo. Wimbo hurekodiwa kwanza studio, ukamalizwa kabisa; kisha kanda yake huchezwa kwenye spika mahali pa kupigia filamu, na kila marudio hufuata kanda hiyo moja ambayo haichoki wala haina haraka. Sauti inayotolewa na mwigizaji mbele ya kamera, kama anatoa sauti, hutupwa. Inayobaki ni picha ya mdomo wake na sauti ya kanda.

Na midomo kupishana je? Mwigizaji aliyesimama mbele ya spika anafuata, na anayefuata kwa kawaida huwa nyuma kwa kiasi kidogo, mfano wa maamuma nyuma ya imamu: hata awe makini namna gani, hurukuu baada ya imamu kurukuu. Anayeujua wimbo kwa moyo anaweza kuliwahi neno badala ya kulingoja, naye hapo huweza kutangulia. Kwa vyovyote vile ulinganifu kamili ni wa kubahatisha, na haijalishi kama sauti iliyo kwenye kanda ni ya jirani au ni yake mwenyewe. Cassidy alipokuwa mbele ya kamera alikuwa akimfuata Cassidy wa studio. Imamu na maamuma walikuwa mtu mmoja, na bado maamuma alichelewa.

Jambo hili lilikuwa desturi ya sinema za muziki za Hollywood miaka mingi kabla ya televisheni kuliazima. Shirley Jones alikuwa tayari nyota wa sinema za aina hiyo, kwa kuwa alikuwa ameimba katika Oklahoma! ya mwaka 1955 na Carousel ya mwaka 1956, na hakuna aliyewahi kutilia shaka kwamba sauti ile ni yake. Sisi wasikilizaji wa Afrika Mashariki huenda tunadanganyika kwa wepesi zaidi, kwa kuwa neno pleibeki kwetu lina harufu ya tamasha ambamo msanii amelipwa ili aimbe, naye akashika kipaza sauti huku diski ikimfanyia kazi. Pale kuna kiingilio kilicholipwa na ahadi iliyovunjwa. Katika upigaji wa filamu hakuna aliyeahidiwa kuimbiwa papo hapo.

Anayetaka ushahidi wa Cassidy unaosimama bila kutegemea midomo ya kwenye filamu anao: mwezi Machi 1972 aliujaza ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, akaimba mbele ya maelfu, bila familia ya televisheni.

Nijitetee kidogo hata hivyo, maana kosa langu lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Cassidy hakuajiriwa kuwa mwimbaji. Aliajiriwa aigize, na mpango wa mwanzo ulikuwa sauti zote ziletwe na waimbaji wa studio. Katika kipindi cha majaribio kilichotengenezwa ili kukiuza kwa kituo, anaonekana akifuatisha sauti ambayo kweli si yake. Ni baada ya hapo ndipo alipomshawishi mtayarishaji wa muziki, Wes Farrell, amsikilize, na Farrell akampa nafasi ya kuongoza. Baadhi ya nyimbo za mwanzo zilibaki na waimbaji wa studio mbele. Kwa hiyo mtu aliyesema mwanzoni mwa mwaka 1970 kwamba kijana yule haimbi angekuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi kwa kipindi kimoja nikakosea kwa vilivyosalia. Lebo ya santuri iliandika majina kwa uangalifu wa kisheria: familia ya Partridge, nyota wake akiwa Shirley Jones, pamoja na David Cassidy. Wengine hawakutajwa, na kwa hilo lebo ilisema kweli.

Je, wale wanne walitolewaje bila pengo kusikika? Hawakutolewa, kwa kuwa hawakuwahi kuwekwa. Kurekodi kwa kanda yenye njia nyingi kunafanana na kuchapa kanga. Pindo nyekundu, mji wa njano na maandishi meusi hayachapwi kwa mpigo mmoja. Kila rangi ina zamu yake, na kitambaa hupita chini ya zamu zote hadi macho yaone kanga moja. Katika studio za Western Recorders, Hollywood, dramu, besi, magitaa na vinanda vilipata njia zao, waitikiaji wakapata zao, na sauti ya Cassidy ikapata yake. Wanne wale wangekuwa rangi ambayo mchapaji hakuitia kwenye ndoo.

Sauti ya Cassidy nayo ilitiwa mkono. Yeye alikuwa na miaka 20 tamthilia ilipoanza, ilhali Keith ni kijana wa miaka 16, na kwa maelezo ya Cassidy mwenyewe Farrell aliharakisha kanda ili sauti isikike changa zaidi, jambo ambalo halikumpendeza. Waliokulia na redio kaseti wanaijua kanuni hii kwa upande wake wa pili: betri zikianza kuisha, kanda huenda polepole, na mwanamke mwenye sauti nyororo hugeuka babu. Ukitaka kwenda upande wa ujana, unarekodi kanda ikiwa imepunguzwa mwendo kidogo, kisha unaicheza kwa mwendo wa kawaida. Kila kitu kinakuwa kifupi na chembamba zaidi. Mwendo ukizidishwa mno mwimbaji hugeuka panya wa katuni, kwa hiyo nyongeza hubidi iwe ndogo.

Wapiga vyombo walikuwa wale wa studio za Los Angeles ambao baadaye walikuja kuitwa Wrecking Crew. Hal Blaine alipiga dramu, Joe Osborn besi, Larry Knechtel alikuwa miongoni mwa wapiga vinanda. Watatu hao hao ndio waliopiga katika Bridge over Troubled Water ya Simon na Garfunkel, iliyotoka mwaka huohuo wa 1970. Mtu anayeucheka muziki wa Partridge kwamba ni wa kitoto anapaswa kuwa mwangalifu asicheke besi.

Kisa chenyewe kilitokana na familia halisi, akina Cowsill wa Newport, Rhode Island, ndugu walioimba pamoja na mama yao na ambao wimbo wao mmoja wa mwaka 1967 ulifika namba mbili. Waliwahi kufikiriwa waigize wenyewe, lakini watengenezaji walimtaka Shirley Jones awe mama, na familia ile haikukubali kuingia bila mama yake. Hivyo ndivyo tamthilia kuhusu familia inayoimba ilivyotengenezwa kwa kuiacha nje familia iliyokuwa ikiimba.

Hapa ndipo pana hoja ninayoipenda kuliko zote. Wanamuziki husema kwamba sauti za ndugu hushikamana kwa namna ambayo wageni hawaifikii, kwa kuwa wana makoo ya umbo moja na wanatamka irabu kwa namna moja. Dai hili limetegemezwa zaidi na masikio kuliko vipimo, ila kila mpenzi wa kwaya ana mfano wake. Katika familia ya Partridge uhusiano wa kweli ulikuwa mdogo. Wengi huamini kwamba Jones alikuwa mama mzazi wa Cassidy. Alikuwa mama yake wa kambo, aliyeolewa na baba yake, mwigizaji Jack Cassidy, mwaka 1956. Ila nyuma yao, kati ya waitikiaji wanne wa studio, pamoja na Ron Hicklin na Jackie Ward, walikuwemo John na Tom Bahler, ambao ni ndugu wa damu. Damu ilikuwamo katika nyimbo zile. Haikuonyeshwa tu kwenye televisheni.

Baada ya msimu wa kwanza familia ya Jeremy Gelbwaks, mtoto aliyeigiza kama Chris, mpiga dramu, ilihama, na nafasi yake ikachukuliwa na Brian Forster. Mtoto mwenye sura nyingine kabisa akaketi nyuma ya dramu zilezile, akaitwa jina lilelile, na hakuna aliyeeleza kitu ndani ya tamthilia. Upigaji haukuyumba hata kidogo. Hal Blaine alikuwa bado anakuja kazini.