Winga Hafungi? Hebu Tumtazame Kuba Vizuri

Jamani, leo tumalizane. Kila ninapoweka kipande cha video cha Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp, hakosi mtu wa kuandika chini yake: "Yule Mpolandi wa pembeni alikuwa mpambe tu wa mshambuliaji Lewandowski. Winga gani hafungi?" Safari hii aliyeandika ni kocha wa vijana, mtu anayewafundisha watoto wa watu. Nikaona kumjibu kwa mstari mmoja ni kumuonea.

Tunamzungumzia Jakub Błaszczykowski, aliyezaliwa 1985 katika kijiji cha Truskolasy, karibu na Częstochowa, kusini mwa Poland. Mgongoni pale Dortmund aliandika "Kuba", nami nitamwita hivyo hivyo nisijivunje vidole. Safari yake kwa kifupi: Wisła Kraków na ubingwa wa Poland 2005, Dortmund 2007, mabingwa wa Ujerumani 2011 na 2012, kombe la Ujerumani 2012, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya pale Wembley 2013. Baadaye Fiorentina kwa mkopo, Wolfsburg, kisha akarudi Wisła. Timu ya taifa mechi 109, mabao 21. Hizo 21 ndizo mnazozishikia bango.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Upande wa kulia wa Dortmund ile walikuwa wawili, Kuba mbele na Łukasz Piszczek nyuma yake. Piszczek hakuzaliwa beki. Msimu wa 2006/07 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Poland akiwa Zagłębie Lubin, kisha huko Ujerumani wakamgeuza beki wa kulia. Ukiwa na beki wa namna hiyo, unataka apande. Lakini beki hapandi kwenye njia iliyojaa. Lazima mtu amfungulie, na huyo mtu ni winga. Kuba anaacha mstari, anaingia ndani hatua kama saba nane, beki wa kushoto wa wapinzani anamfuata, na ule uchochoro wa pembeni unabaki wazi. Piszczek huyo, anapiga jalo. Kwenye takwimu unamwona Piszczek, unamwona na Lewandowski aliyefunga. Aliyetengeneza njia hayupo, maana mpira hata haukumgusa.

Mpira ukipotea je? Piszczek yuko juu kabisa, nyuma yake kuna shamba tupu. Anayerudi kuliziba ni Kuba, na anarudi mbio.

Kinachonikera zaidi ni ile sifa ya "winga mzuri, anasaidia ulinzi". Msaada gani? Mnasema kana kwamba anatoa sadaka! Kwa Klopp, kukaba kwa winga ni shambulizi. Anapomfuata beki mwenye mpira, hamwendei moja kwa moja. Anakwenda kwa mkunjo, akitokea nje kuingia ndani, ili pasi ya pembeni ife na mwenye mpira alazimike kucheza katikati, ambako wenzake watatu wanasubiri. Akikosea mkunjo ule kwa hatua mbili tu, mpira unatoka pembeni na timu nzima imekimbia bure. Mawinga wengi wenye chenga tamu hawawezi hili. Na si kwamba ni wavivu, wanachelewa kusoma.

Mfano upo. Fainali ya kombe la Ujerumani, Berlin, Mei 2012, dakika ya tatu dhidi ya Bayern. Luiz Gustavo wa Bayern anapiga pasi ya nyuma iliyokosa nguvu. Kuba yuko pale, ananyakua, anamwekea mwenzake Kagawa, bao. Mechi iliisha 5–2, Lewandowski akafunga matatu, na magazeti yakawa yake. Sawa, matatu ni matatu. Lakini watu wanaliita lile la kwanza zawadi. Zawadi humfikia aliyepo, naye alikuwepo kwa sababu alianza kukimbia kabla pasi haijapigwa.

Mfano mwingine, huu wa wabishi sugu. Euro 2016, Poland na Uswisi, dakika ya 39. Uswisi wanapiga kona. Kona ya Uswisi, narudia! Kipa wa Poland, Fabiański, anadaka, anamrushia Kamil Grosicki, anachomoka upande wa kushoto. Grosicki ndiye winga mnayemuota, kasi tupu. Anapiga jalo, mshambuliaji Milik anauachia upite, na kwenye nguzo ya mbali kuna mtu peke yake: Kuba. Anampiga tobo kipa wa Uswisi, Sommer, bao. Itazameni tena lakini msimfuate Grosicki. Tazameni upande ambao mpira haupo, muone umbali alioukata mtu wa miaka 30 bila uhakika wowote kwamba mpira utamfikia.

Halafu msidhani hakuwa na mguu. Euro 2012, Warsaw, Poland iko nyuma 1–0 kwa Urusi, yeye akiwa nahodha. Anapokea kulia, anakata ndani, anaachia kombora la mguu wa kushoto hadi kona ya mbali. Huyo ni mtu wa mguu wa kulia. Mkitaka bao la kuweka kwenye simu, wekeni lile.

Niseme na upande wa pili, maana mimi si wakili wake. Kuna swali ambalo hata video haitanijibu: Kuba alimbeba Piszczek au Piszczek ndiye aliyembeba Kuba? Wawili hawa wamecheza pamoja klabu na taifa, ukimtoa mmoja picha inabadilika yote. Pia msimu wa ubingwa wa 2010/11 alianzia benchi mara nyingi kwa sababu kijana Mario Götze alimchukulia namba, na Klopp hakuwa amechanganyikiwa. Götze alikuwa bora kwenye nafasi finyu. Mwaka uliofuata Götze akaumia, Kuba akarudi, na ndipo tukaona ubora wake wote. Bila lile jeraha la mwenzake tungekuwa tunabishana leo? Sina hakika.

Yeye naye goti lilimfika Januari 2014, mshipa ukachanika kwenye mechi na Augsburg. Akiwa nje, kitambaa cha unahodha wa taifa kikaenda kwa Lewandowski. Baada ya hapo kasi ya hatua tano za kwanza ilipungua, na winga bila hatua hizo huishi kwa akili. Ndiyo maana Wolfsburg walimtumia hata beki wa kulia. Penalti aliyokosa dhidi ya Ureno 2016 sitaijadili. Siku tano kabla aliifunga ya kwake kwenye matuta ya Uswisi, na hakuna anayeikumbuka.

Na tafadhali, yale yaliyompata utotoni, baba kumuua mama mbele ya macho yake akiwa na miaka kumi, acheni kuyafanya hotuba ya hamasa kwa wachezaji. Alilelewa na bibi yake, na mjomba wake Jerzy Brzęczek, nahodha wa zamani wa Poland, akamshika mkono kwenye soka. Inatosha.

Mkitaka pa kumlaumu kwa haki, nitawaonyesha. Mwaka 2019 Wisła ilikuwa inazama kwa madeni. Akarudi kucheza kwa zloti 500 (fedha ya Poland) kwa mwezi, akaikopesha klabu zaidi ya zloti milioni moja, na baadaye akawa mmiliki mwenza. Moyo wa pekee, nakubali. Lakini mwanzoni mwa 2022 timu ikapewa kocha mpya, na kocha mwenyewe ni yule yule mjomba Brzęczek, na msimu ulipoisha Wisła ikashuka daraja. Hapo piganeni naye hadi asubuhi, mimi sitii neno. Kwenye uwinga, kocha wangu, leta video.