Kompyuta ya duka la dawa itambueje dawa?

Hapa Malindi si ajabu mteja kuweka mezani kisanduku cha Tachipirina kilichotoka Italia, kisha akaomba na Panadol kwa sababu kichwa bado kinamuuma. Mfamasia hujua papo hapo kwamba zote mbili ni parasetamoli, lakini kompyuta iliyojazwa majina ya biashara matupu itaziona ni dawa mbili tofauti, nayo haitaonya hata kipimo kikivuka gramu 4 kwa siku, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha mtu mzima.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa majina ya kimataifa ya dawa, unaokipa kila kiambato (kemikali inayotibu) jina moja badala ya majina mengi ya biashara, mwaka 1950, na orodha ya kwanza ikatolewa mwaka 1953. Hata hivyo Wamarekani wangali wanaiita salbutamol, dawa ya pumu, albuterol, ndiyo maana kompyuta huhitaji pia msimbo, yaani alama maalumu ya kila dawa.

Watengenezaji wengi wa programu wakifika hapo huchukua misimbo ya ATC, mfumo wa Shirika la Afya Duniani unaosimamiwa kutoka Oslo, wakadhani kazi imekwisha. Mimi sikubaliani nao. ATC iliundwa ili kupanga dawa katika makundi na kulinganisha matumizi yake, si kwa ajili ya kumhudumia mgonjwa dirishani: amoksisilini ya kumezwa au ya sindano ni J01CA04, iwe kapsuli ya miligramu 500 ya mtu mzima au dawa ya maji ya mtoto yenye miligramu 125 katika kila mililita 5, ilhali aspirini ina msimbo mmoja kama dawa ya maumivu na mwingine kama dawa ya kuzuia damu kuganda.

RxNorm, orodha ya majina na namba za dawa ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imekaribia zaidi mahitaji yetu, kwa kuwa hutoa namba kwa kiambato, nguvu (kiasi cha kiambato katika dawa) na umbo (tembe, kapsuli au dawa ya maji) vikiwa pamoja, kisha jina la biashara likafungamanishwa na namba hiyo. Kasoro yake kwetu ni kwamba inafuata soko la Marekani.

Nguvu ndiyo huleta vurugu kubwa. Tembe ya Septrin ya 480 ina miligramu 400 za sulfamethoxazole na 80 za trimethoprim. Karani mmoja akiandika 480 na mwenzake 400/80, hesabu ya stoo hugawanyika, na kompyuta hudai dawa imekwisha ilhali makopo yamejaa rafuni. Kwa duka dogo ningeanza na orodha ya taifa ya dawa muhimu, ambayo hutumia majina ya viambato, nikatenga safu ya nguvu ya kila kiambato na safu ya umbo, na jina la biashara likakaa safu yake pekee, lisitumike kamwe kuhesabia dawa.